Mgonjwa Alitingishika

Mkuu wa idara ameniomba niandike ukurasa mmoja wa kumuaga Tulia, anayestaafu siku ya Ijumaa, "na uchangamshe kidogo, nesi, watu wasisinzie." Huo nimeshauandika. Una utani wa kutosha na hauna uongo. Huu mwingine sitausoma mbele ya watu.

Tulia si jina lake. Tulimbandika sisi, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita ndilo neno alilowaambia wagonjwa kupitia spika: tulia mama, tulia mzee, tulia hivyo hivyo. Ni fundi wa MRI, ile mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku. Mkewe anasema hata mezani nyumbani, mtu akikoroga chai kwa fujo, huambiwa atulie. Ni mtu wa mizaha, mpira anaupenda kupita kiasi, na ana mikono ya upole. Nimeona watoto waliofika mlangoni wakipiga mayowe wakaingia naye wanacheka. Mwenye kumsema vibaya aanzie kwangu.

Mimi ni nesi wa chumba hicho. Nawavua watu saa, hereni na mikanda, nawauliza kama wana chuma mwilini, kisha nawachoma ile dawa inayofanya uvimbe ung'ae kwenye picha.

Mashine yetu ya kwanza ilikuwa balaa. Tundu lake lilikuwa jembamba, kelele zake kama watu wanabomoa ukuta pembeni ya sikio lako, na mgonjwa alitakiwa kulala humo karibu saa nzima bila kujitikisa. Akitingishika, picha inaharibika. Tulikuwa nayo moja tu, na foleni yake ilikuwa ya miezi saba.

Alasiri moja, miaka minne iliyopita, aliletwa mama mmoja, fundi cherehani, mwenye kizunguzungu na mlio kwenye sikio la kushoto. Nilimchoma dawa, nikamshika mkono kwa kuwa alikuwa anatetemeka, halafu nikarudi upande wetu wa kioo. Zilikuwa zimebaki dakika saba, zile za picha za baada ya dawa. Tulia akatazama saa ya ukutani. Nusu fainali ilikuwa inaanza saa kumi.

"Huyu mzima, dada," akaniambia. "Hana kitu."

Akabonyeza kitufe, mashine ikanyamaza. Kwenye fomu akaandika: Mgonjwa alitingishika, sehemu ya mwisho haikukamilika.

Mama hakutingishika. Hakutikisa hata kidole. Nililiona hilo kwa macho yangu na sikufungua mdomo, kwa sababu msusi alikuwa ananisubiri tangu saa tisa na nusu. Naliandika bila kulipamba. Yeye mpira, mimi nywele.

Mwaka jana ikaja mashine mpya. Tundu lake ni pana, na kazi ya saa nzima inaimaliza kwa dakika kumi na tano. Mtu akikohoa kidogo, yenyewe inasahihisha picha. Zamani tulipiga vichwa na migongo tu. Siku hizi wanaletwa watu wa moyo, wa ini, wa magoti, hata wajawazito ambao madaktari wanataka kumwona mtoto vizuri zaidi. Tulia alikuwa anaizunguka kama bwana harusi. Nami nilifurahi, maana foleni ilipungua, na kila foleni ikipungua nilijiambia kwamba yule mama sasa atakuwa amepata nafasi mahali, amerudia, hana neno.

Mwezi wa tatu mwaka huu akaingia. Nilimtambua kabla hajakaa. Alikuwa anatembea ameshika ukuta, na binti yake amemshika upande wa pili.

"Daktari," akamwambia Tulia, maana wagonjwa wote humwita hivyo, "safari ile niliwaangusha. Nisamehe sana. Leo nimejiandaa."

"Umejiandaaje, mama?" Tulia akauliza. Uso wake ulikuwa umeshabadilika rangi.

Binti ndiye aliyejibu, tena anacheka. "Anafanya mazoezi! Mwezi mzima analala chali kitandani, mimi namhesabia kwa simu. Jana amefika dakika arobaini hajapepesa hata jicho. Nilimgombeza mno wakati ule, nikamwambia, mama, kulala tu kumekushinda? Akaona aibu kurudi. Akawa anameza vidonge vya kizunguzungu basi."

Mama akatabasamu kama mwanafunzi aliyefaulu. Mimi nikajifanya natafuta plasta kwenye droo iliyojaa plasta.

Alilala mle dakika kumi na tano bila kutikisika, kama alivyojizoeza. Kwenye kioo cha kompyuta uvimbe ukatokea, mweupe, umekaa kwenye mshipa wa fahamu wa sikio la kushoto, mkubwa kama tunda la zambarau. Tulia akafungua faili la zamani. Mashine huandika kila kitu, hata saa na nani kabonyeza nini. Ilikuwa imeandika: imesimamishwa na fundi. Daktari wa picha alipokuja akasema miaka minne nyuma, na dawa, ungeonekana ukiwa punje, na labda sikio lingeokolewa. Sasa atapasuliwa, atapona, lakini sikio hilo limekwenda.

Tulia alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Jioni ile aliandika barua kwa mkuu, akapewa onyo, akahamishiwa eksirei za mifupa, na huko ndiko alikomalizia utumishi wake. Chini ya ile barua kuna jina moja tu.

Lakini kabla ya barua alikwenda kwa mama mwenyewe. Nilikuwa kwenye chumba chetu kidogo cha sindano, nimeshamchomoa mama mrija mkononi, nimeshikilia pamba. Binti alikuwa amesimama mlangoni na mkoba. Tulia akaja akachuchumaa kando ya kiti, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, siku ile hukutingishika. Mimi ndiye niliyeizima mashine."

Aliyasemea kwenye sikio bovu. Mama akatabasamu tu, akaendelea kutazama mbele. Binti alikuwa anahangaika na zipu. Nikamwona Tulia akitambua kwamba hakuna aliyesikia, na kwamba anaweza kuinuka sasa hivi, amwambie pole, aende zake. Hata mimi nilimwombea ainuke. Mungu anisamehe, nilimwombea.

Akainuka, akazunguka kiti, akachuchumaa upande wa kulia. Akayarudia yote kwa sauti kubwa, pamoja na mpira.

Mkoba ulimponyoka binti. Mama akawa anatazama viatu vyake. Binti akaja akapiga magoti, akalaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake, anarudia neno moja tu, "Mama, mama." Mama akamwekea mkono kisogoni.

"Miaka minne," akasema hatimaye. "Nimejilaumu miaka minne." Kisha akamgeukia Tulia. "Mlikuwa wangapi humo ndani?"

Tulia hakunitazama. "Nilikuwa peke yangu, mama."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulikauka, nami nikausubiri ulowe.

Mama akatikisa kichwa, halafu akaupigapiga mkono wangu uliokuwa umeshikilia pamba. "Huyu binti namkumbuka," akasema. "Alinishika mkono siku ile, kisha akatoka. Angekuwemo huyu, asingekubali."

Nikaendelea kubonyeza pamba. Damu ilikuwa imeshakatika kitambo.

"Ugua pole, mama," nikamwambia.