Jina la Mama Redioni

Mwaka wangu wa pili redioni, meneja alituita kwenye kikao akaweka kwenye spika rekodi ya kipindi changu cha wafugaji. Kila nilipotamka neno kwa namna ya nyumbani alisimamisha rekodi, akairudisha nyuma, akaniigiza. Wenzangu walicheka. Waliotoka Mbulu kama mimi ndio waliocheka zaidi.

"Dada, maneno yako yanatokea kooni," alisema. "Hii ni redio, siyo mnada wa ng'ombe. Msikilizaji wa Arusha akikusikia anahama."

Moja kati ya aliyoyasema lilikuwa kweli: nilisoma haraka mno, nikameza miisho ya sentensi. Hilo nililirekebisha upesi. La koo lilinichoma, lakini kazi niliihitaji, basi nalo nikalishughulikia. Niliwarekodi wasomaji wa habari kwenye simu, nikawa nawafuatiza jikoni na njiani nikitoka Endagikot nilikopanga chumba. Nilijifunza kulainisha sauti, kuvuta maneno, kusema "mpenzi msikilizaji" kwa watu ambao hakuna mtu aliyewahi kuwaita hivyo. Baada ya miezi kadhaa meneja alinipigia makofi mbele ya walewale waliocheka. Nilifurahi sana, na mpaka leo furaha ile inanikera.

Nilipokwenda Bashay kumwona mama, nilimkuta anapukuchua mahindi. Ilikuwa saa ya marudio ya kipindi changu, na redio ilikuwa kimya.

"Shikamoo, mama. Mbona umezima?"

"Marahaba. Si wamekutoa? Wameweka mwingine."

"Ni mimi, mama."

Aliacha mahindi akaniangalia. "Anaongea vizuri," akasema, "ila hasemi na sisi."

Simu za wafugaji wa Hanang nazo zilikuwa zimepungua. Nilimwambia meneja. Akajibu kwamba wafugaji hawaleti matangazo ya biashara, na muda si mrefu kipindi akampa kijana aliyetoka mjini, mwenye Kiswahili kinachoteleza kama kimepakwa mafuta. Mimi nikawekwa kwenye kupanga muziki. Sauti niliyojitengenezea kwa taabu yote ile ikakosa pa kutumika.

Mama alifariki kwa homa ya mapafu, kwenye msimu wa baridi. Kaka yangu alimpigia mjomba wetu aliyeko Masieda, ndugu pekee wa mama aliyebaki, lakini simu haikupatikana. Alikuwa ameiacha dukani ichajiwe. "Atasikia redioni," kaka akasema. Kwetu ndivyo watu wanavyoitana kwenye msiba. Niliandika tangazo kwa mkono wangu, nikalipeleka studio, nikarudi Bashay.

Asubuhi tulikaa uani na majirani, redio katikati yetu. Yule kijana alianza vizuri, kwa huzuni ya kupangwa. Alipofika kwenye jina la mama alisita, kisha akatamka kitu kingine kabisa. Jina lile lina sauti ya kwetu, ya kutokea kooni. Akarudia, akalikosea kwa namna nyingine, akayaruka majina ya ndugu, akamalizia na jina la kijiji. Jirani mmoja akaniuliza, "Huyo naye ni nani aliyekufa?"

Nilipiga studio mara nyingi. Simu haikupokelewa.

Mjomba alifika tulipokwisha kuzika, udongo bado mbichi. Alikuwa ameambiwa na mtu gulioni. Hakulia. Alisimama kando ya kaburi akiwa ameshika fimbo yake, akatuambia, "Tangazo nililisikia. Nikasema, poleni ninyi mliofiwa, nikaenda kulima."

Kaka alijaribu kumweleza habari ya simu. Mjomba hakumsikiliza. Alinigeukia mimi. "Nani alisoma?"

"Mwenzangu kazini, mjomba."

"Yeye hana mama?"

Niliporudi kazini meneja alinipa pole na bahasha ya rambirambi. Nikamweleza yaliyotokea. Alisikitika, kisha akasema jina lenyewe ni gumu, mtu yeyote angekosea.

"Mimi ulinichezea rekodi mbele ya watu wote kwa kutamka vibaya," nilisema. "Yeye utamchezea rekodi lini?"

"Usichanganye msiba na kazi, dada."

Nikaomba nipewe matangazo ya vifo. Alinipa hapohapo, kwa sababu hakuna aliyeyataka. Siku hizi huwa nawapigia wafiwa kabla ya kusoma, nikawaomba walitamke jina la marehemu, nami nikalirudia mpaka waseme ndilo. Mengine yote nayasoma polepole, kama nilivyoelekezwa, lakini kwa koo langu. Meneja ameshanilalamikia mara mbili kwamba nakula muda wa muziki. Yule kijana amepandishwa cheo, na kwenye matangazo ya sabuni huigiza lafudhi yetu ili watu wacheke, nao wanacheka.

Mjomba husikiliza, nimeambiwa. Nikienda Masieda na kaka nikamwamkia, huitikia marahaba, kisha humgeukia kaka na kumwuliza habari za mvua.