Mchoraji Alilichora Daraja Siku ya Jua

Nikiiangalia hiyo picha uliyoitundika sebuleni, mwanangu, nakumbuka siku moja ambayo mpaka leo haijanitoka. Picha ni nzuri, sikatai. Umeniambia aliyeichora alianza kuchora juu ya jiwe, ndipo akachapa kwenye karatasi. Haya, mimi shule sikukaa, naamini. Ni daraja la Jangwani lenyewe: muuza kahawa na birika lake, mama na ndoo ya samaki kichwani, mikokoteni, watu wanapishana kama siafu. Lakini huyo mchoraji alikuja siku ya jua.

Mimi nililiona siku ya mvua. Nilikuwa nauza dagaa Kariakoo, na mama yako, mchanga bado wa kunyonya, nimemwacha Magomeni kwa jirani. Jioni nafika Jangwani, daraja halionekani. Maji rangi ya chai yanapita juu yake, yanakokota magodoro na mabanda ya kuku. Maziwa yamenijaa, kifua kinauma, kanga imelowa. Mtoto analia? Maji yamefika mlangoni kule? Nimuulize nani, na simu za mkononi hazijakuja?

Vijana wa mikokoteni walikuwa wanavusha watu. "Panda, mama! Hapa tunapita kila siku, hata tukifumba macho!"

Nikapanda. Sijakaa sawa, bibi mmoja muuza karanga akanidaka kanga kwa nyuma, akanivuta mpaka nikakaa kwenye tope.

"Niache, bibi, nina mtoto!"

"Ndiyo maana sikuachi! Mwanao anataka ziwa. Ukifa wewe apelekewe nini, kanga?"

Nilimjibu maneno ambayo sikuandikii hapa. Yeye kanga yangu kaizungusha mkononi.

Mkokoteni ukaenda bila mimi, vijana wenyewe tu, wafuate watu wa ng'ambo. Pale ukingo wa daraja ulipong'oka ukayumba, ukapinduka. Wale vijana wakang'ang'ania nguzo, wakavutwa kwa kamba, meno yanagongana. Mkokoteni hatukuuona tena.

Nilivuka asubuhi, maji yalipopungua. Jirani akafungua mlango anapiga miayo. "Ndiyo unafika? Kanyonya kwangu na mwanangu, kalala." Ndiyo maana Saidi wa Magomeni unamwita mjomba: yeye na mama yako wamenyonya ziwa moja. Nilikaa chini nikalia kama mimi ndiye mtoto.

Sasa na wewe una mtoto mchanga, na kila mvua ikinyesha unanipigia: "Bibi, nimeshavuka, bodaboda katupitisha." Unacheka. Mimi huku sicheki.

Sikia, mwanangu. Njia unayoipita kila siku, ikishafunikwa na maji huijui tena. Usipande chombo cha mtu kwa sababu ya haraka. Kaa upande uliopo, mpigie jirani, ngoja, hata kama ni mpaka asubuhi. Na huyo jirani kaa naye vizuri sasa hivi, jua likiwaka. Usimtafute siku ya shida.

Mungu akupe miguu inayojua kusimama. Akurudishe kwa mwanao umechelewa, umelowa, una njaa, lakini unagonga mlango mwenyewe. Amina.