Mnyororo Shingoni mwa Shangazi

Shangazi yangu alikuja kutoka Kilwa kutibiwa macho, na alipoanza kuona kidogo akaniambia anataka kuujua mji wa kale wa Dar es Salaam, si maduka tu. Nikampeleka kwenye matembezi ya kuongozwa, pamoja na kundi la wageni na wenyeji: makumbusho kwanza, kisha majumba ya zamani upande wa bandarini, mwisho Kariakoo.

Kiongozi wetu alikuwa kijana mchangamfu. Alimwamkia Shangazi vizuri, "Shikamoo mama," akamuuliza kwao ni wapi, akamshika mkono kwenye ngazi. Pale makumbusho, Shangazi alisimama muda mrefu mbele ya vigae vilivyochimbwa kwao. "Hivi sisi tulivichezea utotoni," alininong'oneza, anatabasamu.

Tulipofika kwenye jumba moja kuukuu, kuta zinanuka mkojo na vifuu vya madafu vimeoza mlangoni, kiongozi akafungua begi lake akatoa mnyororo wenye pingu ya shingoni.

"Hii ndiyo orijino, jamani! Babu zetu walifungwa na hii wakipelekwa utumwani. Nani anataka picha?"

Kundi likacheka. Pingu ilikuwa na mshono mpya wa kuchomelea. Nimekulia Mchafukoge, kazi za mafundi vyuma wa mtaa wa Gerezani nazijua.

Hakuna aliyejitokeza. Akamgeukia Shangazi. "Mama wa Kilwa, njoo, wewe ndiye mwenyewe kabisa!"

Shangazi, macho bado yana ukungu, akasogea akidhani anaonyeshwa kitu. Kabla sijasema neno, pingu iko shingoni mwake na simu zimeinuliwa.

"Lia kidogo, mama! Fanya kama unachapwa!"

Nilimsukuma yule kijana kando, nikaivua pingu. Ilikuwa na grisi. Iliacha weusi shingoni na kwenye mtandio wake mweupe.

"Dada, mbona unapaniki? Utani tu huu, wageni wanapenda."

Aliyenitia kinyaa zaidi hakuwa yeye, bali mama mmoja mtu mzima, mwenzetu kabisa, aliyeniomba nisogee maana namharibia picha.

Tukawaacha pale. Tulirudi nyumbani kwa miguu, Shangazi amenishika mkono. Alipofika aliingia bafuni akajisugua kwa dodoki mpaka shingo ikachubuka.

"Bibi yangu alikuwa na kovu kwenye kifundo cha mguu," aliniambia baadaye, amekaa kitandani. "Alilificha chini ya kanga mpaka anakufa. Hatukuthubutu kumuuliza. Sasa mwanangu, wale walikuwa wanacheka nini?"

Jioni nikaikuta picha yake mtandaoni, chini yake vikaragosi vya kucheka. Nikampigia kiongozi.

"Lakini imependwa sana, dada!"

"Ifute. Usipoifuta kesho nakufuata hapo hapo mbele ya wageni wako."

Akaifuta. Shangazi alirudi Kilwa bila kujua kwamba iliwahi kuwepo. Mimi kila nikipita mtaa ule natema mate pembeni, kama mtu aliyeonja samaki aliyechina.