Danio Mkononi mwa Bibi Harusi

Shemeji yangu Nibaran alikaribia miaka hamsini bila mke, na mtu asinidanganye kwamba ilikuwa bahati mbaya. Ilikuwa samaki. Wazee wa upande wa msichana wanakuja kumkagua bwana harusi, mimi nawaandalia chai na rosogolla, vile vitufe vitamu vya maziwa, kila kitu kinakwenda sawa, mara Nibaran anainuka na kusema, "Karibuni mwaone danio wangu." Basi, kwisha habari. Anawapanga wazee wa watu mbele ya matangi ya kioo, anawaonyesha visamaki vya urefu wa kidole cha mtoto, vyenye milia ya buluu na dhahabu, vinavyokimbia huku na huku kutwa nzima kama vilivyosahau kitu nyumbani. Mzee anauliza kwa adabu zote, "Huwa mnawala na nini?" Nibaran anabadilika rangi, mzee anatafuta viatu vyake, na mimi nabaki na sahani ya rosogolla.

Sisi ni Wabengali. Hapa Shyambazar, Kolkata, mtu akikwambia ana samaki nyumbani, unamuuliza kama ni wa kukaanga au wa mchuzi. Danio hao hao wamejaa kwenye mashamba ya mpunga kwa mama yangu. Utotoni tuliwachota kwa kitambaa, tukawakaanga kwa mafuta ya haradali, tukawatafuna na vichwa vyao. Nilipomwambia Nibaran hivyo, alininunia siku kadhaa.

Matangi yalianza dirishani kwake, yakashuka ngazi, yakaingia ukumbini, na mwisho moja likapandishwa veranda ya juu, mlangoni kwa Shangazi Nistarini. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Shangazi ni dada wa marehemu baba mkwe wangu, na nyumba ni yake. Mume wake alikufa yeye akiwa na miaka kumi na tisa. Akarudi kwao amevaa sari nyeupe, na tangu siku hiyo hajatia samaki kinywani, maana mjane wa nyumba zetu hali samaki, hali kitunguu, wala hasogei karibu na bibi harusi asije akamletea nuksi. Mdomo lakini hakuna aliyemkataza kuutumia.

"Mwanamume mzima amekaa anamtazama samaki!" alikuwa akisema. "Samaki analiwa! Hutaki kumla, mwache mtoni kwake."

"Shangazi, hao ni pambo," Nibaran anajibu.

"Pambo ni kidani, mwanangu. Mimi sijaona kidani kinachokunya."

Halafu, jamani, akaja Sutapa. Mwalimu wa hesabu wa shule ya wasichana, ana miaka arobaini, miwani minene, maneno machache. Akakalishwa ukumbini na kaka yake, akanywa chai, akayatazama matangi, akakubali kuolewa. Kuhusu danio hakusema neno. Nibaran akashindwa kulala.

"Hakusema wazuri, shemeji. Hakusema wabaya. Labda hakuwaona."

"Nibaran, umemkalisha katikati ya matangi. Hata kipofu angewasikia."

Shangazi naye akatoa masharti yake mapema, akiwa ameegemea ukuta wa veranda. Kwetu bibi harusi huingia nyumba ya mume ameshika samaki hai mkononi, na samaki huyo ni lata, yule mweusi wa matopeni, mnene kama kifundo cha mkono, mwenye ute mpaka kwenye macho. "Akiingia naye mpaka ndani bila kumwangusha," akasema, "yeye ndiye mwenye nyumba, na habari ya matangi ataamua yeye. Akimwangusha, nitaamua mimi. Na mnajua nitaamua nini." Akaelekeza kidevu kwenye karai la kukaangia. Nibaran akashika kichwa. Danio wake wote, maisha yake yote ya kurudi kazini na kuvuta kiti mbele ya kioo, sasa yamo mikononi mwa mwalimu wa hesabu na samaki wa matope.

Siku ya kumleta bibi harusi, kabla hatujatoka kumpokea, Nibaran akanivuta chini ya ngazi. "Shemeji, nimepata dawa. Mila inadai samaki hai. Nani amesema lazima lata?" Akafunua kikombe. Ndani yake anazunguka danio mmoja wa milia, yule mzuri kuliko wote. "Mdogo, msafi, hana ute. Hatamtisha."

Sasa nisikilizeni vizuri. Huyu ndiye mtu anayefunika kila tangi kwa ubao, na juu ya ubao anaweka pasi ya mkaa, kwa sababu danio wanaruka. Ameshawaokota ndani ya kandambili. Ameshamtoa mmoja kwenye chai ya mume wangu. Kolkata nzima hakuna anayelijua hilo kama yeye, na bado anamtoa mmoja na kumkabidhi mwanamke anayetetemeka. Mapenzi hayo. Na mimi mjinga nikachukua kikombe.

Gari likafika, kombe la baharini likapulizwa, vigelegele vikapasua kichochoro kizima. Mimi ndiye mke wa nyumba mwenye mume hai, kwa hiyo nilisimama mlangoni na sinia la kumpokea. Shangazi alijitenga juu kwenye veranda kama mjane anavyotakiwa, ila sauti yake ilikuwa nasi. Mbele ya kizingiti kulikuwa na sahani pana ya maziwa yaliyotiwa rangi nyekundu ya miguu, na baada yake kitambaa cheupe mpaka ndani. Bibi harusi anakanyaga maziwa, kisha anatembea juu ya kitambaa akiacha nyayo nyekundu. Hakuna mwingine anayekikanyaga kabla yake.

Nikammiminia Sutapa danio kwenye viganja.

"Samaki yuko wapi?" Shangazi akauliza kutoka juu.

"Anaye, Shangazi!" Nibaran akajibu, kofia yake ndefu ya harusi imemwinamia upande.

"Huyo ni samaki au ni ukucha?"

"Ni hai, Shangazi!"

Sutapa akainua mguu wa kulia. Danio akaruka. Tulimwona wote, akang'aa mara moja hewani, kisha chubwi, ndani ya maziwa.

Kombe lilikatika katikati ya pumzi. Sutapa akabaki juu ya mguu mmoja, na sari yake nyekundu, na dhahabu, na taji. Kurudisha mguu nyuma hawezi, ni mkosi. Na ndani ya sahani huoni kitu, maziwa yale ni mazito na mekundu.

"Kanyaga!" Shangazi akapiga kelele. "Unangoja nini?"

Sutapa, ambaye tangu gari lisimame hakuwa ameinua macho, akayainua. "Sikanyagi," akasema. "Yumo humu."

"Bibi harusi anaongea!" jirani mmoja akashangaa.

Nibaran alishapiga magoti. Akazamisha mikono yote miwili kwenye maziwa, kofia ikadondoka ikaingia nayo, dhoti ya hariri ikageuka nyekundu mpaka mapajani. Mume wangu anaelekeza, "Kushoto! Kushoto kwako, siyo kwangu!" Sutapa anayumba, amenishika kichwani kama nguzo. "Dada, usisogee," ananiambia, na mimi nina sinia lenye taa inayowaka, nitasogea niende wapi?

"Nimempata!" Nibaran akasema. "Hapana. Ni kidole changu."

Hatimaye akamwinua. Danio mwekundu mzima, mdomo unafunguka na kufungika. "Anakufa," Nibaran akasema, na bwana harusi mzima akaanza kulia mbele ya kichochoro chote, kilio cha kweli cha kamasi. "Maji! Maji safi!"

Kila mtu akapiga kelele maji, maji, na hakuna aliyekwenda. Matangi yapo ukumbini, na kufika huko ni kukikanyaga kile kitambaa. Tukabaki tunakitazama.

Ndipo tukasikia miguu ngazini. Shangazi Nistarini akashuka, sari nyeupe ameifunga kiunoni, mkononi ana chombo chake cha shaba cha maji matakatifu ya mto Ganga, kile cha sala ambacho hata mimi sijawahi kukigusa. Akapita katikati ya kitambaa, moja kwa moja. Wanawake wakaziba midomo. Mjane, mbele ya bibi harusi!

"Mtie humu, mjinga wewe," akamwambia Nibaran. "Unalia nini? Mtie!"

Akamtia. Maji yakawa ya waridi. Danio akazama, akalala ubavu, na Shangazi akainamia chombo mpaka pua yake ikakaribia maji. Danio akajigeuza, akaanza kuzunguka.

"Yu hai," Shangazi akasema, kwa sauti ya mtu aliyekasirishwa. Kisha akakumbuka yuko wapi. Akaanza kurudi nyuma, anajikunja, anatafuta ngazi.

"Shangazi, subiri," Sutapa akasema. Akashusha mguu kwenye maziwa, akatoka, akafika alipo na kugusa miguu yake kwa heshima, kabla ya kugusa ya mtu mwingine yeyote. Mimi niliona mkono wa Shangazi unainuka kumbariki, unasita hewani, kisha unatua kwenye taji.

Lakini yule mwanamke, loo! "Hilo halibadilishi kitu," akasema. "Ameanguka, nimeona. Kesho mkishakula, matangi yote nje."

"Ni kweli," Sutapa akakubali. "Ameanguka."

Nibaran akamtazama mke wake kama mtu aliyeuzwa.

Kesho yake ndiyo siku ya wali, siku ambayo bibi harusi anawapakulia watu wa nyumba ya mumewe kwa mkono wake. Tulikaa chini kwa safu, kila mtu na jani lake la mgomba. Shangazi alikaa peke yake karibu na mlango, na wali wake, viazi vyake na karela lake chungu. Nibaran hakula. Asubuhi nzima alikuwa akipita tangi moja moja kuaga.

Sutapa akazunguka na sufuria la samaki rui mpaka kwa Shangazi, akachuchumaa. "Nimeshindwa, Shangazi, uamuzi ni wako. Ila niambie, hao danio wamekukosea nini?"

Mimi nilingoja lile la siku zote, samaki analiwa. Shangazi akaufinyanga wali wake kwa muda.

"Naipikia nyumba hii samaki ilish tangu nikiwa na miaka kumi na tisa," akasema. "Watoto wote hawa nimewatolea miiba mimi. Chumvi natia kwa kunusa, kuonja siruhusiwi. Miaka hamsini natazama samaki." Akamwelekezea Nibaran kidevu. "Halafu huyu, ambaye hakuna aliyemkataza, ananiletea samaki wa kutazama mpaka mlangoni kwangu. Ananiambia ni raha."

Sutapa akatia upawa sufuriani, akachagua kipande cha tumbo, kile chenye mafuta, akakiweka juu ya wali wa Shangazi na mchuzi wake.

Nyumba ikalipuka. Mume wangu akasimama, jirani akamwita Mungu, Hari, Hari, mwingine akasema ni dhambi, dhambi kubwa. Mimi machozi yalinitoka, na sikuyafuta. Nibaran akaja, akakaa mbele ya Shangazi, na yeye ambaye hawezi kuona samaki akipaliwa magamba, akaanza kutoa miiba kwenye kile kipande, mmoja mmoja, kwa vidole vyake vilivyobaki vyekundu.

Shangazi akakitazama. Akamega, akatia kinywani. Akatafuna amefumba macho.

"Chumvi haitoshi," akasema.

Nibaran akangoja, akangoja, akashindwa. "Na matangi, Shangazi?"

"Wewe nenda ukatazame wako," akasema, huku akisogeza jani lake karibu na sufuria. "Mimi nakula."