Maharagwe ya Chumba cha Giza

Katikati ya miaka ya sabini niliajiriwa kibarua katika kituo cha utafiti wa kilimo, mwendo mfupi kutoka Nakuru. Wakiridhika nami kwa miezi mitatu, wangeniandika kazi ya kudumu. La sivyo ningerudi Mau Narok kuchimba viazi vya baba, na viazi nilikuwa nimevichoka.

Kazi yangu ilikuwa kutunza maharagwe katika chumba kisicho na dirisha. Taa ziliwashwa saa kumi alfajiri, zikazimwa saa kumi jioni. Baada ya wiki mbili tuliziacha ziwake mfululizo, tukapima kila saa jinsi majani yanavyovuta hewa ya kujitengenezea chakula. Mwanga haukubadilika hata chembe, lakini majani yalivuta kwa bidii asubuhi, jioni yakalegea, kana kwamba yana saa yao ukutani. Nilistaajabu sana.

Shida ni kwamba maharagwe yangu yalichelewa. Asubuhi yao ilifika saa mbili nzima baada ya ile ya maharagwe ya chumba cha pili, yaliyotunzwa vivyo hivyo. Bosi, Mhindi wa mjini asiyependa maneno mengi, alinieleza kuwa ndani ya jani mna protini inayohisi mwanga, na ndiyo huirekebisha saa hiyo. Ukiimulika gizani hata dakika chache, hudhani mchana haujaisha.

"Nani alikuwa anafungua mlango jioni?" akaniuliza.

Nilijua. Askari wa getini, mzee wa rika la baba, aliingia zamu saa kumi na mbili, wakati mimi nikiyanyunyizia maharagwe maji kwa mwanga wa balbu hafifu ya kijani, isiyoyasumbua majani. Alibisha hodi kunisalimia. Kwetu mzee hasalimiwi kupitia mlango uliofungwa. Unamfungulia, unampa mkono, unamuuliza habari za ng'ombe mpaka ndama wa mwisho. Heshima si utumwa. Kwa hiyo kila jioni nilifungua mlango wazi, na jua la upande wa Mau likaingia mpaka kwenye majani.

"Ni mzee wa getini," nikasema. "Yeye hufungua tu."

Aliitwa.

"Ni ukweli, boss," akasema bila kunitazama. "Nilikuwa naenda kusalimia huyu msichana. Sikujua ni makosa."

Alifutwa kazi siku hiyo hiyo.

Mwezi uliofuata nikaandikwa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinifikisha kwenye pensheni.