Mm ya Kukhu Haikuwa Kelele

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia ukumbi wa Kaloleni nikiwa nimebeba viti viwili vya plastiki, bila habari kwamba naajiriwa. Mama alikuwa amenituma kuvirudisha baada ya matanga ya jirani. Ndani nilikuta wanafunzi sita wa chuo kikuu, wa mwaka wa nne, wamevaa hedifoni na kukunja nyuso kama watu walio kwenye mtihani wa hesabu. Walikuwa wakisikiliza sauti walizorekodi mtaani na kubandika kila moja lebo, yaani neno fupi la kuiambia kompyuta ilichosikia ni nini. Mzee mmoja alisikika akimwambia mwenzake, "Kumbe bado hujafa wewe." Wakabandika: tishio.

Nilicheka hadi kiti kimoja kikaanguka. Kwetu, wazee waliofanya kazi reli husalimiana hivyo. Ukimwona mmoja anamwamkia mwenzake kwa upole, jua wana kesi kwa chifu.

"Wewe unayecheka," akasema mhadhiri wao, "njoo ukae hapa."

Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira. Nilikuwa kidato cha tatu, likizo ya Agosti. Sasa nimestaafu, nina miaka kumi na sita, na nimeona niwaandikie nyinyi wa kidato cha kwanza mjue kazi ya kufunza chuo kikuu ilivyofanywa enzi zetu. Mkingoja mhadhiri yule awaambie, mtangoja sana.

Tulimwita Daktari, na ndiye mkubwa wa kwanza niliyefanya kazi chini yake. Alikuwa daktari wa mawimbi ya sauti, si wa watu, jambo ambalo mtaa ulikataa kulielewa. Kila asubuhi akina mama watatu, wanne walimngoja mlangoni na magoti yao. Mkubwa wa pili alikuwa Mutua, kiongozi wa wanafunzi, ambaye babake huchonga vinyago. Naye alikuwa na subira ya mchongaji. Yeye ndiye aliyeanza kuniita Mwalimu, mwanzoni kwa kejeli. "Niaje, Mwalimu," alikuwa akisema nikiingia, na wenzake wote wakisimama kama darasa.

Kazi yenyewe ilikuwa kuunda akili unde ya simu. Kliniki ya mtaa ina wazee wengi na muuguzi mmoja. Kila Jumatatu mashine ingewapigia wazee, iwaulize kama wamemeza dawa, kama miguu imevimba, kama wanapumua vizuri, ili Alhamisi muuguzi ajue aanzie nyumba ya nani. Wazo zuri, sikatai.

Mashine haisikii kama wewe. Huikata sauti vipande maelfu kila sekunde, kama Mama anavyokata sukuma wiki, na kadiri vipande vinavyokuwa vyembamba ndivyo inavyopata ladha. Kisha sauti hupita kwenye chujio, hesabu inayoacha maneno yapite na kuzuia honi na bodaboda, vile chujio la chai linavyobaki na majani. Baada ya hapo huonyeshwa mifano yenye lebo, mingi mno, hadi ianze kubahatisha yenyewe na kupata. Mimi pia hubahatisha kwenye kemia na hakuna aliyewahi kuniita akili.

Nilianzia meza ya lebo. Siku ya nne nilipandishwa cheo, nikawa nasimama mbele ya wale sita nikiwafunza kusikiliza. Niliwafunza kwamba "sawa sawa sawa" ya haraka maana yake ni "nimechoka na wewe". Waliandika kwenye madaftari. Watu wazima, wana ndevu, wanaandika.

Wakati huo mashine ilikuwa tayari inajaribiwa kwa wazee, akiwemo Kukhu, nyanya yangu, mjane wa fundi wa reli. Alhamisi ya kwanza Kukhu alioga mapema, akafungua mlango, akaweka miguu juu ya stuli na kikombe cha muuguzi mezani kimefunikwa. Muuguzi hakuja. Alhamisi ya pili, vilevile. Jioni nilimbonyeza mguu na kidole changu kikaacha shimo lililokataa kujaa.

"Labda nimepona," akasema, "hawajaniambia tu."

Asubuhi yake niliingia ukumbini kabla ya wengine kufika, nikafungua kompyuta. Mbele ya jina la Kukhu, maswali yote, mashine ilikuwa imeandika: hakujibu. Wasiojibu walipelekwa mwisho wa orodha ya muuguzi, na orodha ile mwisho wake haufikiwi. Lakini mimi nilikuwa jikoni Kukhu akipigiwa. Nilimsikia akijibu.

Nikatafuta. Kulikuwa na folda inaitwa Kelele, ambamo chujio lilitupa takataka zake. Nikasikiliza: honi, jogoo, mlango unagongwa, mtoto analia. Halafu Kukhu. "Mm." Jogoo tena. "Mm." Mara mbili nyanya yangu alikuwa amesema miguu imevimba, na mara mbili walikuwa wamemweka pamoja na kuku.

Niwaeleze, maana wao pia ilibidi waelezwe. Kwetu mtu mzima haulizwi habari za mwili wake akajibu papo hapo kama aliyekuwa akingoja kuulizwa. Hunyamaza kwanza. Kisha husema "mm" ya chini, midomo imefungwa. Moja ni ndiyo, ya kukatwa mara mbili ni hapana. Mashine ilingoja sekunde mbili tu ikaenda swali lingine, na sauti yoyote ya chini ya kiwango fulani ilihesabiwa si mtu. Kiwango hicho kiliwekwa na watu sita na Daktari wao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa na Kukhu.

Walipofika nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Hiyo ni kelele, Mwalimu," Daktari akasema baada ya kusikiliza. "Iko chini ya kiwango."

"Hiyo ni nyanya yangu."

Akaanza kunieleza kwa upole, ule upole wa mtu anayetaka uondoke, kwamba mashine haiwezi kungoja kila mtu, kwamba wazee wazoee kusema ndiyo kwa sauti. Nikamwacha amalize. Kisha nikamuuliza, "Daktari, umekunywa chai?"

"Mm," akasema.

Nikamgeukia Mutua. "Andika: hakujibu."

Mutua alivua hedifoni, akatoka, akaenda kliniki kwa miguu kurudisha majina ya wasiojibu juu ya orodha, wote. Saa sita muuguzi alikuwa kwetu. Alitazama ile miguu, akabadilisha dawa palepale, akauliza kwa ukali mbona hatukusema mapema.

"Nilisema," Kukhu akamjibu.

Wiki iliyobaki ndiyo niliyofunza kwelikweli. Niliwapeleka wale sita kwa Kukhu wawili wawili, wakae, wanyamaze, wasikilize. Walishusha kiwango, wakairefusha subira ya mashine, wakaitoa kila "mm" kwenye ile folda na kuipa lebo yake. Za Kukhu alizifanya Mutua mwenyewe, hakutaka mtu mwingine azishike.

Siku ya mwisho Daktari aliwaita wageni ukumbini. Akaonyesha mchoro wa sauti ya Kukhu ukutani, kilima kidogo, akauita ugunduzi wa kundi lake. Akamalizia kwa kushukuru jamii. Nilitazama nyuma nione jamii ni nani. Nilikuwa mimi, nimeshika viti. Baadaye Mutua alinitafuta, akasema jina langu lilikuwa kwenye ripoti aliyoandika yeye na likatolewa, na kwamba ameona aibu. Nilimwambia nimesikia. Sikumwambia si kitu, kwa sababu ni kitu.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa nimerudi shuleni na jioni nikawa jikoni kwetu, mstaafu, nachambua mchele. Simu ya Kukhu ikalia, akaipokea kwa spika. Mashine ikauliza kama miguu imepungua uvimbe. Kukhu akanyamaza. Nikahesabu moyoni: mbili, tatu, nne, tano. Mashine nayo ikanyamaza, ikamngoja.

"Mm," Kukhu akasema.

"Asante. Nimesikia kwamba imepungua," ikajibu, ikaenda swali lingine.

Alipomaliza aliiweka simu chini, akanigeukia.

"Huyu sasa ana adabu. Ni wewe ulimfunza?"

Nilinyamaza kwanza, vile inavyotakiwa.

"Mm."