Mchora Hina na Karatasi Nyepesi

Habari za kifo chake zilinikuta kwenye foleni ya maji, hapa Junda, nikihesabu mitungi yangu mara ya pili, maana mara ya kwanza ilitoka sita na nilikuwa nimekuja na saba. Nilikuwa nimerudi asubuhi hiyo kutoka Voi. Mama mmoja nyuma yangu akasema, kwa sauti ya mtu anayedhani kila mtu keshajua, kwamba yule mchora hina wa nyuma ya msikiti alizikwa jana kabla ya magharibi. Sikumbuki kama mtungi wa saba ulipatikana. Hakuwa ndugu yangu, wala nyumba zetu hazikuwa za kuingiliana. Alikuwa jirani wa sabalkheri na masalkheri, na kwa mwaka mmoja na kidogo tulikuwa na jambo moja baina yetu, ambalo yeye hakulijua na mimi nililijua vizuri sana. Jambo hilo ndilo linalonikalisha kuandika leo.

Kwa zaidi ya miaka thalathini alichora mikono na miguu ya mabibi harusi wa Kisauni, na alipokaribia sitini akajiandikisha katika darasa la uchoraji la watu wazima kule Magongo. Watu walicheka kidogo. Mimi nilimuuliza, kwa adabu, fundi mzima anakwenda kufundishwa nini. Akanijibu huku akifunga buibui yake vizuri: "Jirani, miaka yote hii nimechora, na sina mchoro hata mmoja wa kukuonyesha. Wangu haupiti wiki tatu, mtu akioga umekwenda. Nataka mmoja utakaobaki nikishaondoka." Kisha akaniomba nimsindikize dukani kununua vifaa, kwa kuwa mtaa mzima unajua kwamba mimi sijapata kulipa bei ya kwanza. Nilikubali kabla hajamaliza kuomba. Sifa ni kitu kitamu, hasa ikitoka kwa jirani.

Duka lenyewe liko Magongo, na mwenye duka ni kijana wa bara, mpole, mwenye penseli sikioni. Yule mama aliingia mle kama mtoto siku ya Idi. Alijaribu kila kitu. Penseli alizipitisha juu ya kipande cha boksi moja baada ya nyingine, akizisikiliza. Brashi alizibonyeza kwenye kiganja kuona zinarudi vipi, na alipoishika ile nyembamba kabisa mkono wake ulikaa sawasawa, kama uliozaliwa nayo. Kijana akamtilia rangi za maji kidogo kwenye kifuniko na kumpa vipande viwili vya karatasi, kimoja kizito na kimoja chepesi. Akachora ua dogo katika kila kimoja, kwa zile kona za hina ambazo jicho hufuata mpaka likapotea. Halafu akaomba jambo ambalo sidhani duka lile limewahi kuombwa: vipande vile vitundikwe, naye arudi kesho kuvitazama. "Rangi haisemi leo, mwanangu," alimwambia kijana. "Hina ukiipaka huijui mpaka ilale. Niwekee mpaka kesho." Kijana alikuwa tayari kutafuta msumari. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema kurudi kesho ni nauli mara mbili, tena mwenye duka akijua utarudi, bei haishuki. Yeye, aliyekuwa amenileta kwa heshima, akaniachia.

Basi nikafanya kazi yangu. Kwa bei ya karatasi kumi nzito, nikapata hamsini nyepesi. Nilizihesabu pale pale zikatoka arobaini na nane, nikahesabu tena zikatoka arobaini na nane, kijana akaongeza mbili na kuomba radhi. Lakini kabla hajazifunga alisema, akinitazama mimi: "Mzee, hizi nyepesi ni za penseli. Zikilowa zinajikunja. Nakwambia ukweli." Sasa, nani asiyeyajua maneno hayo? Kuanzia Kongowea mpaka Changamwe, "nakwambia ukweli" ndiyo kauli inayotangulia bei kubwa. Nilimwambia ahsante mwanangu, ukweli tumeusikia, tufungie hizo hizo. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, nami siku zote niliamini walisema hivyo kwa sababu hawakujua kupatana bei.

Miezi ya kwanza darasani ilikuwa ya penseli, na karatasi zangu hazikuwa na neno. Alinionyesha mlangoni mikono aliyoichora, mikono mitupu isiyo na hina, na ilikuwa hai. Ilipofika zamu ya rangi hakutaka kuanzia mbele ya wenziwe. Fundi wa hina hamwonyeshi mtu kazi isiyokamilika. Ikichafuka hufutwa chumbani. Kwa hiyo alijaribu nyumbani, peke yake, wiki mbili nzima. Siku moja akaniita nitazame. Karatasi zilikuwa zimejikunja kama chapati juu ya moto, sehemu nyingine zimetoa nyuzi, na zile kona zake zote zimetambaa zikaingiana. Akaniambia hatarudi Magongo. "Mkono umezeeka, jirani," alisema. "Kwetu sisi ngozi ya bibi harusi hailaumiwi. Hina ikiharibika, ni mkono."

Nilijua. Nilijua kabla hajafika mwisho wa sentensi, na sauti ya yule kijana ikanirudia na penseli yake sikioni. Ilinipasa kusema maneno manne tu: ni karatasi, si wewe. Nikasema inshallah itakaa sawa. Niliogopa, si hasira zake, maana hakuwa nazo. Niliogopa mtaa usikie kwamba mjuzi wa bei amechezewa na ujuzi wake. Wiki chache baadaye nikampita akiwasha seredani ya makaa kwa zile karatasi, za penseli na za rangi, moja moja. Akanicheka kwa wema. "Zinashika moto vizuri, wallahi. Hasara hatukupata." Nami nikacheka naye. Ningeweza kulisema siku ile pia. Zilipita siku nyingine nyingi, na katika kila moja nilimwamkia.

Nilikwenda kutoa mkono wa pole jioni ya siku ile ya maji. Binti yake, mwalimu wa nasari, akaniuliza kama mimi nina mchoro wowote wa mama yake, kwa kuwa ndiye niliyemsindikiza kununua vifaa; walikuwa wamepekua nyumba nzima na hawakupata hata mmoja. Nikamweleza yote, kutoka msumari ule ambao haukupigiliwa hadi seredani. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema taratibu, "Ungemwambia, ami." Basi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, si kwa hilo moja.

Katika ukurasa huu nimewafundisha mengi, wasomaji wangu: kugeuza kitambaa upande wa ndani, kupima kiroba kwa mkono kabla ya mizani, kuondoka dukani polepole ili uitwe. Sikanushi hata moja. Ila ujanja wa sokoni hukuzoesha kumsikia mwongo katika kila mdomo, na siku anapokuja mkweli unampita kwa mwendo ule ule. Hilo ni kosa dogo, na linasameheka. Kubwa ni lile la pili: mtu kuibeba lawama iliyo yako, akaamini mkono wake ndio mbovu, nawe ukamwacha aamini kwa sababu ya jina lako mtaani. Kama yupo mtu wa namna hiyo karibu nawe, anayejishuku kwa kosa ulilolifanya wewe, nenda kwake leo ukamwambie akiwa bado anaweza kukukasirikia. Mimi nilikuwa na hatua ishirini na mbili kutoka mlango wangu hadi wake. Nimezihesabu baada ya mazishi.